Kasha la Kulala, Kasha la Kusimama

Ukunda,
14 Septemba 1998

Mdogo wangu Fridah,

Pokea salamu zangu nyingi. Huku sisi ni wazima. Shemeji yako Onesmus yuko njiani na lori kama kawaida yake. Juzi lilimharibikia Mackinnon Road, akarudi amekonda kama mtu aliyefunga. Kanisani tulikuwa tumebaki wachache, lakini wale waliokimbilia bara wakati wa ghasia za mwaka jana wanaanza kurudi, Jumapili hii wawili, ijayo watatu.

Tangu ule mlipuko wa huko Nairobi mwezi jana sikupata usingizi mpaka uliponipigia simu kwa jirani. Nilimtoa mwanangu kwenye moto wa huku nikamtuma kwako, nao moto ukamfuata huko huko. Namshukuru Mungu nyote wawili mko salama. Lakini sauti niliyoisikia kwenye simu ilikuwa yako, haikuwa ya Mbula.

Sasa nije kwenye haja yangu. Hoteli imefunga upande mmoja kwa kukosa wageni, na sisi makarani tumeachishwa kazi. Meneja aliniambia nichukue ile kompyuta niliyokuwa nikiitumia, maana hakuna wa kuiketia tena. Nimepanga chumba kwa Mwanapili, yule mama wa Kidigo aliyetuhifadhia vitu mwaka jana, kiko karibu na njia panda ya Diani. Nitapiga chapa barua, kadi za harusi, mitihani ya shule. Ila kasha la kompyuta limeliwa na chumvi ya bahari. Bati lake ukiligusa linamomonyoka, na feni ya nyuma imeshikwa na kutu, haizunguki. Mashine ikiwaka kidogo inapata joto na kujizima. Mbwana, fundi wa redio wa hapa, aliifungua akaniambia, "Mama Mbula, wakaao ndani ni wazima, nyumba yao ndiyo imeoza. Watafutie nyumba nyingine."

Basi nakuomba uninunulie kasha huko Nairobi. Nataka lile la kulala, bapa, ambalo skrini hukaa juu yake, kama lile lililokuwa mapokezi pale hotelini. Rangi ya maziwa. Chumba changu kinaonekana kutoka barabarani na nataka mtu akipita aone mambo yamekaa sawa.

Mwambie Mbula kwamba tangu Pasaka sijaona mwandiko wake. Mwambie mimi bado ni hai.

Dada yako,
Veronicah


Umoja, Nairobi,
2 Oktoba 1998

Dada Veronicah,

Shikamoo! Naanza hivyo kwa sababu najua huko pwani umekuwa mtu wa adabu, nisipokuamkia barua utairudisha posta. Mimi sijambo. Watoto ninaowafundisha nasari wamenipa mafua yao yote. Mama kule Kangundo ni mzima, analalamikia jino tu.

Kuhusu kasha, Jumamosi nilienda mjini na Mbula. Mimi nilifikiri kasha ni kasha, unachagua rangi, unabeba. Wapi! Huyu mtoto alinizungusha mpaka viatu vikanichubua. Kila duka anaomba lifunguliwe, anaingiza mkono ndani, anapapasa kingo, anauliza, "Feni ya mbele inafungwa wapi?" Muuzaji mmoja akamwambia, "Siste, kwani unanunua kompyuta ama friji?" Mbula akamjibu, "Linaenda Ukunda. Huko hata friji inatoka jasho." Duka zima likacheka.

Anasema kasha la kulala halikufai. Ndani ni jembamba, nyaya zinarundikana mbele ya feni, halafu ukiweka skrini juu yake ni kama kumfunika mtu mwenye homa blanketi la pili. Anataka la kusimama, lile refu. Hewa baridi inaingia kwa mbele chini, inapanda, inatoka kwa nyuma juu ikiwa ya moto. Tena lina nafasi. Siku ukitaka kuongeza diski hubomoi kitu. Na lazima liwe limepakwa rangi mpaka ndani kwa ajili ya ile chumvi. Anakuomba upime ule ubao mkubwa wenye saketi, urefu na upana, na uchore matundu ya skrubu yalipo.

Mbula hajambo. Ameongeza mwili. Unakumbuka alivyokuwa akitenga maharagwe kwenye githeri akala mahindi peke yake? Siku hizi anamaliza sahani. Nywele namsuka mimi mwenyewe. Akitoka chuoni asiponikuta nyumbani ananuna kama mtoto mdogo, mpaka nimbembeleze.

Barua anasema ataandika. Kazi ya chuo ni nyingi.

Nakupenda,
Fridah


Ukunda,
19 Oktoba 1998

Fridah,

Barua yako imefika. Sisi ni wazima. Vipimo vya ubao nimevichora nyuma ya karatasi hii.

Nilikuomba kasha, ukaniletea habari za maharagwe. Aliyemzoeza Mbula kuyatenga ni mimi, tulipokuwa tukiishi Bongwe, kwa sababu yalikuwa yakimsokota tumbo. Hilo hulijui. Na unapomsuka, usivute karibu na sikio la kushoto, pana kovu hapo. Hilo nalo sidhani unalijua.

Nataka kasha la kulala. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu Mbula akiwa anavaa sare ya shule ya msingi, na hakuna iliyowahi kunifia mikononi. Kama mwanangu ana la kunifundisha, kalamu ipo na karatasi ipo. Asilipitishe kwako.

Huku mchana kutwa naitwa Mama Mbula. Mama Mbula chapa hii, Mama Mbula hesabu kurasa. Naitika, na huyo Mbula mwenyewe yuko kwako akinuna usipomfungulia mlango. Usijisahau, mdogo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Veronicah


Umoja, Nairobi,
8 Desemba 1998

Dada Veronicah,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Jino la Mama limeng'olewa.

Kasha limepatikana. Analo shemeji Onesmus. Alipita hapa jana tukalifunga kwa blanketi, akaliweka ndani ya kabini ya lori, nyuma ya kiti chake. Ni la kusimama. Tulilipata pia la kulala, lakini matundu yake hayakukutana na mchoro wako. Rangi ni ya maziwa, kama ulivyotaka.

Methali uliyoniandikia naijua. Tulifundishwa shule moja.

Mbula hatakuja Krismasi. Ana kazi ya chuo. Nakuomba usimuulize zaidi ya hapo.

Krismasi njema.

Fridah


Ukunda,
5 Januari 1999

Fridah,

Heri ya mwaka mpya. Tuliula vizuri, mimi na Onesmus na viti vitupu.

Mume wangu alileta boksi. Siku ile, akiwa anakula, akanisimulia safari yake bila kujua anasema nini. Akasema, "Mbula amekuwa mtu mzima. Nilipobisha mlango nikamsikia ndani, 'Mwaitu, kuna mgeni!'"

Nikamuuliza, "Alikuwa akimwita nani Mwaitu?"

Akaendelea kutafuna. "Fridah. Nani mwingine yuko pale?"

"Fridah ni mama yake mdogo."

"Basi si ni mama tu, Veronicah? Nipe chumvi."

Sikumpa chumvi. Niliondoka mezani. Mama mdogo ni mama mdogo, Fridah, na hakuna aliyekunyima hilo. Lakini Mwaitu, mama kwa lugha yetu ya nyumbani, ni jina nililoitwa mimi na kinywa kile kabla hakijaota meno. Ulipolisikia mara ya kwanza, ulimwambia nini? Ulimkosoa? Au uliitika?

Boksi lako sikulifungua. Liko pembeni, nimeliwekea mtungi wa maji juu. Nilivuka feri nikaenda Mombasa, nikatafuta kasha la kulala mpaka nikalipata. Ni kweli skrubu hazikukutana na matundu. Mbwana alitoboa mengine. Alipomaliza akasimama akilitazama, akaniambia, "Mama Mbula, nimeunga kwa sababu umetaka. Lakini humu ndani hamna pa kupumulia." Nikamwambia afunge kifuniko.

Linapendeza. Skrini imekaa juu yake kama ilivyokuwa hotelini. Watu wanaingia kuuliza.

Pasaka namtaka mwanangu hapa. Nilikuazima, sikukupa.

Veronicah


Umoja, Nairobi,
30 Januari 1999

Dada,

Sikukujibu mapema kwa sababu barua mbili nilizoandika kabla ya hii nilizichana.

Umeniuliza kama niliitika. Niliitika. Ilikuwa wiki ile ya kwanza alipofika, ana homa, hajui yuko wapi. Akaita Mwaitu, na mtu aliyekuwa karibu na kitanda nilikuwa mimi. Homa ilipoisha, jina likabaki. Ningeweza kumkataza. Sikutaka kumkataza. Umesema ukweli, mimi sikuzaa, na neno lile lilikuwa tamu. Nichukie kwa hilo ukipenda.

Lakini hiyo siyo sababu ya yeye kutokuja. Hakutaka nikwambie, na leo ninavunja ahadi yake. Wewe unajua ghasia zilipoanza alijificha nyuma ya mapipa ya maji kwa Mwanapili, na wewe umekwama hotelini. Unajua kwamba kesho yake alivuka na watu wa kanisa. Pale Likoni, walipokuwa wakisukumana kwenda kwenye feri, moshi uko nyuma yao, alimruka mtu aliyelala chini. Alimruka kama unavyoruka mtaro. Mpaka leo hajui kama yule mtu alikuwa hai, na kama angeinama angemsaidia. Akiketi kukuandikia, anasema, kila sentensi inamrudisha pale. Kwa hiyo haandiki. Kuja Ukunda ni lazima apite pale pale. Kwa hiyo haji.

Na ukidhani wivu ni wako peke yako, nikwambie na wangu. Siku ile madukani hakutaja jina langu hata mara moja. Ilikuwa Mama, Mama. "Mama huandika mchana, dirisha likiwa wazi, vumbi la barabarani linaingia." "Mama hufunika vitu kwa leso, kwa hiyo matundu ya hewa yasiwe juu, yawe nyuma." Nilisimama pale na mkoba wangu kama mpita njia. Nimekaa naye mwaka na nusu, dada. Mimi pia nina desturi zangu. Sijui kama ameziona.

Nitamwambia umemwita Pasaka. Mlango wangu haujawahi kufungwa kwa nje.

Fridah


Ukunda,
22 Machi 1999

Mdogo wangu Fridah,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimekaa na yako muda mrefu. Nilikuwa nikiisoma, naiweka, naitoa tena. Onesmus alifikiri ni ya msiba.

Nikueleze kwanza yaliyonipata. Joto la mwezi huu unalisikia kwenye redio, sisi tunalivaa. Mwanapili anamwoza binti yake, akanipa kazi ya kadi, na kadi zilikuwa ziondoke siku ile ile. Watu wa kwenda Msambweni na Funzi kualika walikuwa wameshapanga safari. Unajua ninavyomheshimu mama yule. Basi alasiri, karibu namaliza majina, skrini ikaganda. Nikazima, nikawasha. Ikafika nusu, ikazimika. Nikaweka kiganja juu ya lile kasha zuri nikakitoa upesi, lilikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni.

Mwanapili akaingia na buibui lake begani. "Mama Mbula, watu wangu wako nje."

"Nipe muda kidogo, mama."

"Mashine imekasirika?"

"Imekasirika."

Akaketi. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko kulaumiwa. Nilimwita Mbwana, na kabla hajafika nilikuwa nimeshauondoa ule mtungi wa maji na kukata kamba za boksi lako. Mbwana alipoona lililotoka ndani alitoa bisibisi yake akaanza kazi. Mtu mwenye heshima yule. Alihamisha kila kilichokuwamo, na ubao ukakaa mahali pake bila kutoboa wala kulazimisha. Nyaya zikapita pembeni. Mkono wake mzima ulikuwa ukiingia na kutoka.

Kisha akaniita nitazame. Kwenye matundu ya mbele chini, kwa ndani, palikuwa pameshonewa kipande cha chandarua cheupe kwenye fremu ndogo ya waya, kuzuia vumbi. Mbwana akakigusa kwa kidole, akasema, "Hiki hakikutoka kiwandani." Nikainama. Ule mshono ninaujua, Fridah. Unarudi nyuma hatua moja kila baada ya mbili. Mbula nilimfundisha mimi, alipokuwa akishona nguo za mwanasesere.

Kompyuta iliwaka mpaka jioni bila kuzima. Niliweka mkono nyuma yake, hewa ilikuwa ya moto, lakini ilikuwa ikitoka. Majina yaliyopotea niliyaandika upya, na watu wa Mwanapili wakaondoka na kadi zao.

Yale uliyonieleza kuhusu Likoni sikuyajua. Nilidhani ananikimbia mimi. Usimlazimishe. Lakini akitaka mwenyewe kuja, mwambie Jumamosi ya Pasaka nitakuwa Likoni nikimngoja anaposhuka.

Ile methali niliyokuandikia unisamehe. Nimelisema neno hilo mara moja, usinitake nilirudie.

Dada yako,
Veronicah


Ukunda,
10 Aprili 1999

Mdogo wangu Fridah,

Salamu za Pasaka zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Harusi ya binti wa Mwanapili ilifana; nilipelekewa sinia la pilau nikala na majirani. Onesmus anakusalimu.

Najua Mbula amekusimulia. Lakini nataka usikie na kwangu, kwa sababu hakuona yote.

Nilifika Likoni asubuhi. Feri ikaja, watu wakashuka, hayumo. Ikaja nyingine, hayumo. Nikasimama pale mpaka jua likawa utosini, natazama kila kichwa. Nikuambie nilichofikiri? Nilifikiri umemzuia. Hata baada ya barua zote hizi, wazo la kwanza lilikuwa hilo.

Mwishowe nikavuka mimi. Nilimkuta upande wa kisiwani, kando ya wauza mihogo ya kukaanga, amekaa juu ya jiwe, begi mapajani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la mteremko ule wa kuelekea kwenye feri. Alikuwa ameuteremka na kuupanda tena sijui mara ngapi. Aliponiona akainuka.

"Shikamoo, Mama."

Mama. Nikangoja lile jina lingine, halikuja. Nadhani limebaki Umoja. Nikamwitikia marahaba, nikamkalisha, nikakaa.

Akauliza, "Kasha linavuma?"

"Linavuma kidogo."

"Kuvuma si neno. Likianza kukwaruza, uniambie. Na hewa ya nyuma, ukiweka mkono?"

"Ya moto."

"Ya moto sana?"

"Kama uji wa mgonjwa."

Akacheka, na kucheka kwake kukageuka kulia. Nikamfunika kwa leso yangu mbele ya watu wote wale. Chini ya leso akanieleza habari ya yule mtu aliyelala chini. Alinieleza mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikumwambia kwamba ulikuwa umeshaniandikia. Nawe usimwambie. Aniulize akiwa na miaka hamsini.

Nilimuuliza, "Ungefanya nini, mwanangu, na watu wote wale nyuma yako?"

Akasema, "Sijui. Ndiyo maana."

Baadaye akainuka, akasema anataka kujaribu. Tukashikana mikono tukateremka. Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki, na jua lile. Feri ilikuwa imefungua mlango, magari yanaingia, watu wanatupita. Alikuwa akienda, Fridah. Angekwenda, kwa sababu mimi nilikuwa nimemshika. Ningemvuta kidogo tu angekuwa Ukunda usiku ule, kwenye kitanda nilichomtandikia, na ningelala nikisikia pumzi zake. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikamtazama uso, nikamwambia, "Tugeuke. Tutavuka siku nyingine."

Tukala mihogo. Akanionyesha feni ya pili aliyokuwa ameibeba begini, alitaka kuifunga mwenyewe kwa mbele. Akanifundisha upande unaovuta hewa na upande unaosukuma, akanifanya nirudie kama mwanafunzi. Mbwana ameshaifunga, na mimi ndiye niliyemwelekeza. Kisha nikampeleka kwenye basi la Nairobi, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikasimama nje mpaka likaondoka. Nilikuandikia kwamba nilikuazima. Sasa nimekuletea kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyenishurutisha.

Lakini usifikiri nimekuwa malaika. Nikiwa natembea kurudi kwenye feri nilihesabu vitu vyote utakavyovipata akifika na mimi nisivipate: kumfungulia mlango, kumpashia chakula, kusikia amechoka. Nimevihesabu tangu siku ile kila siku. Onesmus akipata mzigo wa Nairobi mwezi wa Agosti nitapanda naye lori nije kwenu. Nitalala chumbani kwa Mbula. Nitampikia mimi, na nywele nitamsuka mimi. Nawe, nakuomba kwa heshima zote, siku hizo utoke mapema kwenda kwa watoto wako wa nasari, na jioni usiwe na haraka ya kurudi.

Ni mimi dada yako,
Veronicah, Mama Mbula